Kikoa, Seva na Ankara ya Mstari Mmoja

Mabibi na mabwana, ndugu wafanyabiashara wa Tanga, nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nifafanue maneno mnayoyasikia kutoka kwa mafundi wanaowatengenezea tovuti, nami nitaanza na ankara zao. Wengi wenu mmewahi kupewa karatasi yenye mstari mmoja tu, "Tovuti, mwaka mmoja", na kiasi cha fedha pembeni. Mstari huo umefunika vitu vitatu ambavyo mara nyingi huuzwa na watu tofauti, huisha muda wake kwa tarehe tofauti, na kimoja chaweza kuharibika vingine vikiwa vizima. Vitu hivyo ni jina, mahali faili zenu zinapokaa, na huduma inayomwongoza mteja kutoka kwenye jina hadi mahali hapo.

Jina ndilo linaloitwa kikoa. Neno hili ni la zamani kuliko kompyuta, kwani wazee wetu walikula kikoa, yaani walikula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Nalipenda lilivyohamia kwenye intaneti, kwa sababu jina la mtandaoni nalo ni la zamu. Watu husema "nimenunua kikoa", lakini kwa hakika wamekikodi. Mnaijua hali hii kutokana na hati zetu za ardhi, ambazo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99 huku ardhi yenyewe ikibaki mali ya umma. Ila jina linaloishia na .com huwezi kulilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo.

Katika upangaji huu kuna watu watatu, na hapa naomba msinipite haraka. Wa kwanza ni msimamizi wa daftari kuu la majina yote ya mwisho fulani, kwa mfano, kwa majina ya Kenya yanayoishia na .ke, msimamizi huyo ni KeNIC. Wa pili ni wakala wa usajili, ambaye ndiye mnayemlipa, naye hupeleka maombi yenu kwenye daftari hilo. Wa tatu ni mwenye jina, yule aliyeandikwa kwenye daftari. Fundi wenu hayumo katika watatu hao, isipokuwa amejiandika mwenyewe kuwa mwenye jina, jambo linalotokea mara nyingi kuliko mnavyodhani, na si lazima kwa hila: amefungua akaunti kwa wakala kwa barua pepe yake kwa sababu mteja hakuwa na barua pepe siku ile. Miaka mitatu baadaye fundi amehamia mji mwingine, na mwenye duka hana ushahidi wowote mbele ya wakala kwamba jina ni lake.

Sasa tuone jina linavyofanya kazi. Kompyuta haziitani kwa majina bali kwa anwani za IP, ambazo ni namba. Hapo mwanzo orodha ya majina na namba zake ilikuwa faili moja tu, iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko Marekani na kunakiliwa na kila aliyeihitaji. Mashine zilipozidi, faili hiyo ilielemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina wa DNS tunaoutumia mpaka leo, ambamo hakuna mtu mmoja anayeshika orodha yote.

Chukueni jina la mfano, dukalangu.co.tz. Sisi hulisoma kutoka kushoto, lakini mfumo hulisoma kutoka kulia, kama mgeni aliyeshuka stendi akitafuta nyumba. Simu ya mteja inaiuliza seva, yaani kompyuta ya kuhudumia wengine, ya kampuni yake ya intaneti, nayo, ikiwa haijui, inakwenda kwenye seva za mzizi, ambazo zina majina 13, kuanzia A hadi M. Seva za mzizi hazilijui duka lako. Zinajua tu waliko watu wa .tz, mwisho wa majina ya Tanzania. Wa .tz nao hawajui faili zako ziko wapi, bali wanajua ni seva zipi za majina ulizozitaja wakati wa kusajili. Hizo za mwisho ndizo zenye jibu, na yote haya kwa kawaida humalizika kabla mteja hajapepesa jicho.

Ndani ya seva za majina mna mistari inayoitwa rekodi. Rekodi ya A inasema tovuti iko kwenye namba gani, na rekodi ya MX inasema barua pepe zipelekwe wapi. Tofauti hii niliijua kwa gharama. Ijumaa moja jioni nilihamisha tovuti ya mteja wangu, nikabadilisha seva za majina, nikaandika rekodi ya A, tovuti ikafunguka vizuri, nikaenda kulala. Rekodi ya MX sikuiandika. Jumatatu mteja akanipigia akiuliza kwa upole kwa nini tangu Jumamosi hajapata oda hata moja, na tukagundua kwamba barua za wanunuzi wake zilikuwa zikirudishwa kwa waliozituma.

Kila rekodi pia ina TTL, yaani idadi ya sekunde ambazo jibu linaruhusiwa kukumbukwa kabla ya kuulizwa upya. Ikiwa ni 86400, hiyo ni siku nzima, na ndiyo maana baada ya kuhama unaweza kuona tovuti mpya huku jirani yako bado anaona ya zamani. Fundi makini huishusha hadi 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama.

Kuhusu hostingi, yaani kupanga mahali faili zenu zinapokaa, sitakaa sana. Ya pamoja ni chumba katika nyumba yenye wapangaji wengi, na mpangaji mmoja akialika umati, maji yanapungua kwa wote. VPS ni sehemu iliyotengwa ndani ya mashine moja, na seva ya peke yako ni nyumba nzima. Seva hiyo yaweza kuwa Ujerumani hata kama jina linaishia na .tz. Neno "bila kikomo" lisomeni pamoja na masharti yake. Kikomo kikiwepo, pigeni hesabu wenyewe: picha moja ya simu yenye megabaiti 4, ikifunguliwa na watu 1,000, imetumia takriban gigabaiti 4 za bendiwidi, yaani data inayotoka kwenye seva kwenda kwa wateja.

Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, hufunga mazungumzo kati ya mteja na seva ili wa njiani wasiyasome. Hakisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye hukipata, tena bure.

Nimalizie na kuisha kwa muda. Jina la .com likiachwa mpaka wakala akalifuta, kwa kawaida mwenyewe hupewa siku 30 za kulikomboa, kwa faini, kisha siku 5 za kusubiri ambazo hawezi kufanya lolote, halafu liko wazi kwa yeyote. Kabla ya hapo wakala hutuma ilani kwa barua pepe iliyo kwenye usajili. Leo jioni ingieni kwenye akaunti zenu mkaitazame barua pepe hiyo. Mkikuta imeandikwa info@dukalangu.co.tz kwa usajili wa jina hilohilo la dukalangu.co.tz, ibadilisheni, kwa sababu siku jina litakapozimwa, sanduku la kupokelea ilani litakuwa limezimwa nalo.