Saa ya Jiko: Kutafuta Soko na Mgahawa wa Kukumbukwa, Kutoka Valencia Hadi Brussels

NEEMA: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Neema, na kaka Salim yuko hapa pembeni yangu. Leo tunazungumzia kula Ulaya. Umefika mji usioujua, una siku mbili, na unataka chakula wanachokula wenyewe. Unaanzia wapi?

SALIM: Unaanzia kwenye saa, dada Neema. Wengi wanakimbilia simu, wanaandika "mgahawa bora" kwa Kiingereza, na simu inawapa orodha ileile inayopewa kila mgeni. Jiko la Ulaya ya kusini lina saa zake. Hispania, mlo wa mchana ni kuanzia saa saba na nusu mpaka saa tisa na nusu, na usiku watu wanakaa mezani saa tatu. Italia ni saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu, kisha usiku kuanzia saa moja na nusu. Ufaransa ndio wakali zaidi: saa sita mpaka saa nane mchana. Ukiingia saa nane na robo utaambiwa jiko limefungwa, na huku unaona watu wamejaa wanakula.

NEEMA: Hapo ndipo mgeni anaponaswa. Saa kumi jioni njaa inamuuma, na kilicho wazi ni pale penye picha kubwa za vyakula na kijana mlangoni anayeita wapita njia. Mahali panapopika chakula kamili saa kumi jioni katikati ya Madrid, mara nyingi panampikia mgeni peke yake.

SALIM: Kwa hiyo mlo mkubwa uwe wa mchana. Si saa tu, na hela pia. Hispania kuna menú del día, mlo wa bei moja wa siku za kazi. Unapewa sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, halafu kitamutamu au kahawa. Bei katika miji mingi sasa inazunguka euro 12 hadi 16. Hauko kwenye menyu ya kawaida. Unaandikwa kwa chaki ubaoni mlangoni, na mara nyingi usiku na Jumapili haupo.

NEEMA: Tuusome ubao huo kwa makini. Juu kuna "primeros", unachagua kimoja. Chini "segundos", kimoja. Angalia mwisho: "postre o café" maana yake uchague kitamutamu au kahawa. Ukichukua vyote viwili, kimoja kinaongezwa kwenye bili. Angalia pia kama wameandika kwamba meza za nje zina nyongeza. Na maji: tangu 2022 sheria ya Hispania inautaka mgahawa utoe maji ya bomba bure ukiyaomba. Ukisema "maji" tu, utaletewa chupa ya kulipia.

SALIM: Ubao mzuri ni mfupi. Vyakula vitatu au vinne kila upande, na vinabadilika kila siku. Menyu ya kurasa kumi na mbili kwa lugha sita inakuambia kuna friza kubwa nyuma. Jiko la watu wawili haliwezi kupika vyakula themanini vya siku hiyohiyo.

NEEMA: Na paella, ule wali wa Valencia wa sufuria pana? Maana kila mgeni anaiulizia.

SALIM: Paella ni chakula cha mchana. Mchele ukishaingia kwenye supu unahitaji kama dakika 18 hadi 20, na ukijumlisha matayarisho utasubiri nusu saa na zaidi. Mahali pengi hawaipiki kwa mtu mmoja. Kiwango cha chini ni watu wawili. Ikikufikia mezani kwa dakika saba, ilipikwa mapema au imetoka kwenye friza. Dalili nyingine ni lile bango la picha za paella za rangi mbalimbali, bango lilelile unalolikuta mitaa mitatu mfululizo. Ile ya Valencia yenyewe haina samaki wala kamba. Ni kuku, sungura, maharage ya kijani na maharage makubwa meupe. Na ukiwa Madrid siku ya Alhamisi, tazama mbao za menú del día: kwa desturi Alhamisi ni siku ya wali.

NEEMA: Tuingie sokoni sasa, maana mimi naamini mgahawa unapatikana sokoni. Ukishaona kinachouzwa kwa wingi leo, unajua cha kuagiza mchana. Valencia kuna Mercado Central, jengo la chuma na vioo lililofunguliwa 1928. Liko wazi Jumatatu mpaka Jumamosi, asubuhi mpaka saa tisa alasiri, Jumapili limefungwa. Barcelona kila mtu anakimbilia La Boqueria. Sawa, nenda, lakini nenda kabla ya saa tatu asubuhi, na usisimame kwenye vibanda vya mlangoni upande wa mtaa wa La Rambla. Pale ni juisi na vikombe vya matunda vya wapita njia. Ingia mpaka ndani kabisa, kwenye meza za samaki. Au nenda Santa Caterina, si mbali, yenye paa la vigae vya rangi la 2005. Huko mama anayenunua vitunguu hajazingirwa na kamera.

SALIM: Na foleni za Hispania zinawachanganya wageni. Huoni mstari, unaona watu wamesimama ovyo. Kumbe kila mmoja anajua nani yuko mbele yake. Ukifika uliza "¿Quién es el último?", nani wa mwisho. Mtu atainua mkono. Wewe uko nyuma yake. Usipouliza utasimama nusu saa, watu wakikupita, na hakuna aliyekukosea.

NEEMA: Na usishike matunda. Hispania, Italia, Ufaransa, kwenye meza nyingi za soko muuzaji ndiye anayechagua na kupima. Mwambie utakula leo au kesho, akuchagulie maembe au peasi kulingana na siku. Ukianza kuminyaminya nyanya zake kama uko Kariakoo, utasikia kelele.

SALIM: Sasa samaki, hapa ninataka tukae kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kila samaki mbichi awe na kibao chenye jina lake, jina la kisayansi, kama amevuliwa au amefugwa, na eneo alikovuliwa. Maeneo ya bahari yana namba za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Namba 37 ni Bahari ya Mediterania. 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki. 51 ni Bahari ya Hindi ya magharibi, yaani upande wetu. Kwa hiyo ukiona pweza anasifiwa kuwa wa hapohapo na kibao kinasema 51, unajua ametoka mbali. Ukiona "descongelado" kwa Kihispania au "decongelato" kwa Kiitaliano, aliwahi kugandishwa.

NEEMA: Na sangara wetu wa Ziwa Victoria yuko pale, kaka.

SALIM: Yuko kama minofu mieupe, bila kichwa wala ngozi. Kwa samaki wa maji baridi kibao lazima kitaje nchi, kwa hiyo utakuta Tanzania, Uganda au Kenya imeandikwa. Hispania anaitwa perca del Nilo, na amewahi kuuzwa kwa udanganyifu kwa jina la mero, samaki wa bahari wa bei ya juu zaidi. Ukiona mero wa bei ya kutupa kwenye menyu, uliza.

NEEMA: Mwenye kichwa ni rahisi kumjua. Jicho limetuna na linang'aa, si la kuzama wala la ukungu. Matamvua ni mekundu. Ukimbonyeza nyama inarudi. Na Jumatatu usiagize samaki: mashua nyingi haziendi baharini Jumapili, na meza nyingi za samaki Hispania zinafungwa Jumatatu. Kilichopo mara nyingi ni cha Jumamosi au kabla yake.

SALIM: Ukitoka sokoni ukakaa mgahawani Italia, kuna mtego mmoja unaoharibu bajeti ya safari nzima. Menyu inaandika samaki "€6 l'etto". Mgeni anaona 6, anafurahi. Etto ni gramu 100. Samaki wa gramu 800 kwa bei hiyo ni euro 48. Na anapimwa mbichi, mzima, na kichwa chake na matumbo yake. Mwambie mhudumu amlete umwone, amweke kwenye mizani, akutajie jumla kabla hajaenda jikoni. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, hakuna wa kukushangaa. Ile nyama kubwa ya Florence, bistecca alla fiorentina, ni vivyo hivyo: inauzwa kwa kilo, na mara nyingi kipande hakipungui kilo moja.

NEEMA: Kwenye menyu hiyohiyo tafuta nyota ndogo pembeni ya jina la chakula. Ukishuka chini ya ukurasa utakuta maandishi madogo: chenye nyota kinaweza kuwa kilichogandishwa. Ngisi wengi wana nyota. Na "coperto" ni ada ya kukaa, kwa kawaida euro moja na nusu mpaka tatu kwa kila mtu. Si wizi, ila lazima iwe imeandikwa kwenye menyu.

SALIM: Palermo, kwenye kisiwa cha Sicilia, ndipo unapoweza kukwepa meza kabisa. Soko la Ballarò, mchana kabla ya saa nane, wanakaanga panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vinavyowekwa ndani ya mkate wenye ufuta. Ni ndugu wa bajia zetu, isipokuwa unga unapikwa kwanza kama ugali laini, unatandazwa upoe, ndipo unakatwa na kukaangwa. Simama pale mafuta yanapotumika muda wote na foleni haikatiki. Panelle zilizopoa kwenye sinia huwa ngumu, na kuzipasha moto hakuzirudishi.

NEEMA: Kwa asiyekula nguruwe, Palermo na Hispania zinahitaji kuuliza. Mkate wa wengu, pani ca' meusa, wengu ni wa ng'ombe lakini unakaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Maganda ya cannoli, vile vitamutamu vya kukaanga vya Sicilia, nayo mara nyingi yana mafuta hayo, yanaitwa strutto. Hispania, adesi na maharage mara nyingi hupikwa na soseji ya nguruwe, na croquetas nyingi, vile vidonge vya kukaanga, zina jamón ndani, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Usiulize kama chakula "kina nyama", kwa sababu wengine hawahesabu vipande vidogo vya jamón kuwa nyama. Taja nguruwe mwenyewe: cerdo kwa Kihispania, maiale kwa Kiitaliano, porco kwa Kireno. Supu ya sukuma ya Ureno, caldo verde, inakuja na kipande cha soseji juu, na mara nyingi soseji hiyo imechemka humo.

SALIM: Ureno pia, ukikaa tu unaletewa mkate, zeituni, siagi, pengine jibini nzima. Hiyo ni couvert. Hujaagiza, lakini ukigusa unalipa, na jibini ile inaweza kufika bei ya nusu ya mlo. Sheria iko upande wako: usichoagiza na usichokula hakiwezi kulipishwa. Sema huhitaji, waondoe, hawakasiriki. Kisha agiza "meia dose", nusu sahani. Kwenye migahawa midogo ya Lisbon na Porto inamtosha mtu mmoja vizuri. Na sadini za kuchoma ni za Juni mpaka Septemba. Februari ni za friza.

NEEMA: Paris nitaitaja kwa kifupi. Omba "une carafe d'eau", jagi la maji ya bomba, ni bure. Huduma imo kwenye bei tayari. Soko la Aligre ni asubuhi, Jumatatu limefungwa. Na kwa aliyekosa saa ya mchana, mgahawa wa Bouillon Chartier wa Grands Boulevards, ulioanza 1896, unapika bila kukatisha mpaka usiku. Hawapokei nafasi za kuwekesha, unapanga foleni. Mhudumu anaandika maagizo yako kwenye karatasi iliyotandikwa mezani, na mwisho anajumlisha hapohapo kwa kalamu. Hesabu iko mbele yako mstari kwa mstari, ifuatilie.

SALIM: Ukilipa kwa kadi popote, mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa shilingi, chagua euro. Ukichagua shilingi, mashine inatumia kiwango chake cha kubadili fedha, na karibu kila mara ni kibaya kuliko cha benki yako.

NEEMA: Tumalizie Brussels. Jumapili asubuhi kuna soko la Midi, kando ya stesheni. Ni kubwa, ni la watu wa mji, na mikate ya Morocco inachomwa mbele yako na kukunjwa na jibini au asali. Saa saba mchana wanaanza kufungasha, na hapo ndipo maboksi ya matunda yanaposhushwa bei.

SALIM: Halafu unapanda metro mpaka Porte de Namur, mtaa wa Matongé. Jina limetoka Kinshasa, na Kilingala ndicho utakachokisikia zaidi, ingawa Waswahili wa Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, wapo. Maduka ya Chaussée de Wavre yana mihogo, ndizi, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na majani ya kisamvu. Migahawani usianze na menyu. Uliza leo kimepikwa nini, kwa sababu sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa na kuchemka muda mrefu haipikwi kwa oda yako. Ipo au haipo. Na samaki wa liboke, wa kwenye majani, atakuchukua dakika arobaini hivi. Mwagize kwanza, ndipo uende dukani ununue unga.