Ukuta wa Birwood na Usiku wa Mtaa wa 12

Asante, mwenyekiti. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mliojibanza huko nyuma, sogeeni, viti vipo.

Nianze na neno. Julai 1967 jiji la Detroit, Marekani, liliwaka moto siku tano. Sisi kwa Kiswahili tunaziita habari kama hizi ghasia, vurugu, fujo. Ukimwambia hivyo mzee mweusi wa Detroit, huenda akakukatalia palepale: wengi wao wanasema ulikuwa uasi. Msidhani tunabishania maneno tu. Anayesema fujo anaanza kuhesabu kwenye chupa iliyorushwa, na anayesema uasi anaanza miaka 40 kabla yake. Mimi nitaanza na chupa, kisha tutarudi nyuma.

Ni alfajiri ya Jumapili, tarehe 23. Polisi wanavamia kilabu cha pombe kisicho na leseni, ghorofani, juu ya duka la uchapaji, karibu na kona ya Mtaa wa 12 na Clairmount. Walitegemea kukuta watu ishirini hivi. Wakakuta 82, wamejaa mle ndani wakiwasherehekea vijana waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Sasa watu 82 hawaenei kwenye karandinga moja. Ikabidi wasubiri magari, kundi moja lipakiwe, jingine lingoje. Ni joto la Julai, na mtaa ule haukuwa wa kulala mapema. Karibu saa nzima watu wamesimama kando ya barabara, wanatazama ndugu na majirani wakisukumwa kwenye magari. Polisi walipokuwa wanaondoka, chupa ikapasua kioo cha gari lao.

Moto ulipozimika, watu 43 walikuwa wamekufa, 33 kati yao weusi. Waliokamatwa walizidi 7,000, na Rais Lyndon Johnson alikuwa ameshapeleka askari wa miavuli wa jeshi la taifa.

Wengi walipigwa na butwaa, maana Detroit ilikuwa jiji la kupigiwa mfano. Meya wake, Jerome Cavanagh, alisifiwa kwa kusikilizana na weusi, na viwanda vya magari vilikuwa vinalipa vizuri kuliko kazi nyingi za kusini walikotoka wazazi wao. Basi kulikuwa na nini?

Twende mwaka 1941, kaskazini ya jiji, karibu na barabara ya Eight Mile, ambayo ndiyo mpaka wa jiji upande huo. Mwekezaji mmoja anataka kujenga nyumba za wazungu. Wakala wa serikali wa kudhamini mikopo ya nyumba anakataa: eneo lako limepakana mno na weusi. Jamaa akajenga ukuta. Futi sita kwenda juu, urefu nusu maili, umepita nyuma ya nyumba za Mtaa wa Birwood. Mikopo ikapita. Upo hadi leo, sehemu yake imechorwa picha za rangi kando ya uwanja wa watoto. Ukiutazama unaweza kucheka, kwa sababu mtoto wa miaka kumi anaupanda na kuruka upande wa pili. Haukujengwa kuzuia miguu ya mtu. Kazi yake ilikuwa kwenye faili.

Na faili zilikuwa nyingi. Kulikuwa na hati za nyumba zenye sharti kwamba asiuziwe mtu mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza mahakama kuyatekeleza masharti hayo mwaka 1948, na moja ya kesi zile ilitoka Detroit hiyohiyo. Lakini karatasi hailindi mpaka peke yake. Lazima awepo mtu wa kusimama pale.

Mwaka 1925 daktari mweusi, Ossian Sweet, alinunua nyumba kwenye mtaa wa wazungu. Umati ukazingira nyumba na kuipiga mawe, polisi wapo hapohapo nje. Risasi zikatoka ndani, mzungu mmoja akafa. Waliopandishwa kizimbani ni watu 11 waliokuwa mle ndani. Wakili Clarence Darrow aliwatetea, na mwishowe hakuna aliyefungwa. Kisha vurugu za 1943 kati ya wazungu na weusi, Detroit hiyohiyo: waliokufa 34, weusi 25. Katika hao 25, polisi waliwaua 17. Wazungu waliouawa na polisi? Hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo kufika miaka ya 60, gari kubwa lenye maaskari wanne lilipokata kona, vijana wakilijua kwa jina la Big Four, hawakuona polisi wa kukamata wezi. Waliona mlinzi wa ule ukuta, isipokuwa huyu ana magurudumu. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi walikuwa weusi, huku polisi wakiwa karibu wote wazungu. Tena wengi wa hao wa Mtaa wa 12 walikuwa wahamiaji ndani ya jiji lao wenyewe: mtaa wao wa zamani, Black Bottom, ulibomolewa kupisha maendelezo mapya na barabara kuu.

Tume ya Otto Kerner, gavana wa Illinois, aliyoiunda Johnson kuchunguza yaliyotokea 1967, ilitafuta njama ikaikosa. Ikaorodhesha malalamiko, polisi juu, kisha kazi, kisha nyumba. Naiheshimu ripoti ile, lakini hapo nagombana nayo. Detroit, polisi na nyumba halikuwa jambo la kwanza na la tatu. Lilikuwa jambo moja.

Novemba 1973 wapigakura walipewa wagombea wawili wa umeya: John Nichols, mkuu wa polisi, na Coleman Young, mtoto wa Black Bottom, aliyeahidi kukivunja kikosi cha polisi cha STRESS kilichokuwa kimeua watu wengi, karibu wote weusi. Young akashinda kwa tofauti ndogo, weusi huku, wazungu kule. Januari akaapishwa, akawaonya wauza dawa za kulevya na vibaka, awe mweusi, awe mzungu, waihame Detroit, wapite barabara ya Eight Mile waende zao. Ukumbini walishangilia. Ng'ambo ya Eight Mile, kwenye vitongoji vya wazungu, watu walisikia kwamba meya mweusi anawapelekea wao majambazi.