Ufini na Estonia: Pwani Mbili za Ghuba Moja

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, ahsanteni kwa kuitika.

Niliombwa nizungumzie maendeleo ya Ulaya kwa kulinganisha nchi mbili. Ningeweza kuchukua Ujerumani na Ugiriki, lakini hizo zinatofautiana kwa mengi mno, na mwisho wake tusingejua lipi lilizaa lipi. Nimechagua Ufini na Estonia. Kati ya Helsinki na Tallinn pana bahari ya kilomita 80 hivi, karibu sawa na Dar es Salaam na Unguja, na feri huivuka kwa saa mbili. Lugha zao ni ndugu. Nchi zote mbili zilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na zote zilijitangazia uhuru himaya yake ilipoporomoka: Ufini mwezi Desemba 1917, Estonia mwezi Februari 1918. Zote ziligawia wakulima wadogo ardhi. Kufikia miaka ya 1930, maisha ya mkulima wa pwani hii na ya mwenzake wa pwani ile yalikuwa yamekaribiana.

Vita ndivyo vilivyozitenganisha. Ufini ilipigana na Umoja wa Kisovieti, ikapoteza eneo la Karelia, lakini ikabaki na serikali yake. Estonia ilikaliwa kijeshi na Umoja huo mwaka 1940 na ikamezwa. Mwezi Machi 1949 pekee, watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia. Baada ya hapo wakulima walijiunga na mashamba ya pamoja kwa wingi ndani ya wiki chache. Hakuna aliyehitaji kuwashawishi tena.

Tusidhani kwamba Ufini ilitoka vitani ikiwa tajiri. Ilikuwa na wakimbizi wa Karelia zaidi ya 400,000 wa kuwapa makazi, katika nchi ya watu wasiofika milioni nne. Ilidaiwa na Moscow fidia ya dola milioni 300 kwa thamani ya mwaka 1938, ilipwe kwa meli, mashine na bidhaa za mbao. Msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya iliukataa, kwa kuhofia kumkasirisha jirani. Fidia ile ilimalizika mwaka 1952.

Sasa tazameni ilichokifanya katika miaka hiyohiyo ya dhiki. Mwaka 1948 ilianza kutekelezwa sheria ya kumpa kila mtoto wa shule ya msingi chakula cha mchana bure. Mwaka 1949 kisanduku cha vifaa vya mtoto mchanga, ambacho tangu 1938 kilikuwa cha mama maskini tu, kilifunguliwa kwa kila mama. Sharti lilikuwa moja: mjamzito aende kliniki kabla ya kumaliza mwezi wa nne. Nguo za mtoto zikawa njia ya kumfikisha mama kwa mkunga. Napenda sana sharti hili, kwa sababu aliyelibuni alijua namna familia masikini inavyoamua mambo yake.

Wachumi huanza na pato la taifa. Mimi naomba nitumie kipimo kingine, wastani wa umri wa kuishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hizi mbili zilikuwa karibu kulingana, chini kidogo ya miaka 70. Kufikia 1994 Ufini ilikuwa mbele kwa miaka kumi hivi. Mwanamume wa Estonia aliyezaliwa mwaka huo alitarajiwa kuishi miaka 61 tu.

Je, Estonia ya Kisovieti ilikosa hospitali? Hapana. Vitanda vilikuwapo, na madaktari walikuwapo kwa wingi. Watu walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo, pombe, sigara na ajali, mambo ambayo hayatibiwi kitandani. Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alipoibana pombe kuanzia 1985, umri wa kuishi ulipanda kwa muda mfupi, kisha kampeni ikalegea na vifo vikarudi.

Na hapa lazima niwapeleke Karelia Kaskazini, mkoa wa mashariki uliobaki mikononi mwa Ufini baada ya vita. Miaka ya 1960 wanaume wa huko walikuwa miongoni mwa wanaokufa zaidi duniani kwa maradhi ya moyo, wakiwa bado na nguvu za kazi. Wakata magogo na wafugaji wa ng'ombe. Siagi nyingi, chumvi nyingi, sigara. Mwaka 1971 viongozi wa mkoa walitia saini ombi kwa serikali: tusaidieni, tunakufa. Mwaka uliofuata mradi ulianza, ukiongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Hawakujenga hospitali kubwa. Waliwaendea akina mama wa chama cha Martta, ambacho kina matawi vijijini, wakapika pamoja nao vyakula vya kienyeji kwa mafuta kidogo na mboga zaidi. Wauguzi wakapima presha. Viwanda vya soseji vikaombwa kupunguza mafuta. Wafugaji walipolalamika kwamba siagi haiuziki, baadhi yao wakasaidiwa kuhamia kilimo cha beri. Baada ya miongo kadhaa, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Ombi lile lingewezekana Estonia mwaka 1971? Wanakijiji wa huko wangemwandikia nani, na nani angewajibu? Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya pwani hizi mbili, kubwa kuliko bei za soko.

Estonia ilirejesha uhuru wake tarehe 20 Agosti 1991. Mwaka 1992 ilileta sarafu yake, krooni, ikaifunga kwa maki ya Ujerumani, nane kwa moja. Mwaka 1994 ikaweka kodi ya mapato ya kiwango kimoja, asilimia 26. Shule zikaunganishwa na intaneti. Mwaka 2005 wananchi wakapiga kura za serikali za mitaa kwa mtandao. Haya husifiwa sana, na yanastahili. Ila jambo lisilosifiwa vya kutosha ni kwamba miaka ya 1990 Estonia ilihamisha huduma ya afya kutoka hospitali kubwa kwenda kwa daktari wa familia, na kuigharimia kwa bima ya afya. Leo pengo la umri kati yake na Ufini limeshuka hadi karibu miaka mitatu. Watoto wake, katika mitihani ya kimataifa ya PISA ya 2018 na 2022, walikuwa mbele ya wa Ufini.

Hata hivyo, Estonia inakusanya kodi kidogo kuliko Ufini kwa kulinganisha na pato lake, na wazee ndio wanaolipa gharama hiyo. Wastaafu wake ni miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi ya umaskini katika Umoja wa Ulaya. Ufini nayo ina deni lake: watu wa mashariki na kaskazini bado wanaishi miaka michache kuliko wa pwani ya magharibi.

Na ndani ya Estonia upo mkoa wa Ida-Viru, wenye mji wa Narva, mpakani mwa Urusi. Umeme wa taifa umezalishwa huko kwa miongo mingi kutokana na mawe ya mafuta yanayochimbwa palepale. Wakazi wengi wanazungumza Kirusi, na baadhi hadi leo hawana uraia wa nchi yoyote. Umri wa kuishi huko ndio mfupi kuliko mikoa yote ya Estonia. Anayetaka kujua kama mageuzi ya 1991 yamemfikia kila mtu, aanzie utafiti wake huko.