Ziwa Lililokuwa Sawa na Letu: Safari ya Uzbekistan

Habari za jioni, ndugu zangu. Walimu wenzangu, shikamooni mlionitangulia kazini. Wanafunzi, karibuni mbele, viti vipo.

Naanza na namba moja. Mwaka 1960 Bahari ya Aral ilikuwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,000. Wanafunzi wa jiografia, Ziwa Victoria lina ngapi? Naam, 68,800. Maana yake ni kwamba wakati baba zetu wanavua hapa Mwanza, huko katikati ya Asia kulikuwa na ziwa karibu sawa na hili letu. Wakiliita bahari, lakini lilikuwa ziwa, la nne kwa ukubwa duniani. Leo limebaki vipande. Namba hizo niliziandika ubaoni miaka mingi, na kila nilipoziandika nilijiuliza mtu akisimama pale anaona nini. Nilipostaafu nikaweka akiba, nikaenda Uzbekistan.

Nchi hiyo haina pwani ya bahari kuu, na majirani zake wote hawana. Duniani nchi za namna hiyo ni mbili tu. Ya pili ni Liechtenstein, kule Ulaya. Mashariki kuna milima yenye theluji, magharibi kuna jangwa la Kyzylkum, yaani mchanga mwekundu. Theluji ikiyeyuka, maji yanashuka kwa mito miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, yanakatiza ukame na, zamani, yaliishia Aral. Mtu akitaka kuielewa nchi ile asianze na majengo. Ayafuate maji kutoka juu hadi chini. Ndivyo nilivyosafiri, na ndivyo nitakavyowasimulia.

Tashkent, mji mkuu, sitakaa nao sana. Alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1966 tetemeko la ardhi liliuangusha sehemu kubwa, ukajengwa upya na mafundi kutoka kila pembe ya Muungano wa Kisovieti. Ndiyo maana barabara zake ni pana na miti imejipanga mistari. Pembeni mwa mitaa mingi kuna mitaro midogo ya maji wanayoiita ariq, maji yanapita yakinong'ona chini ya miti, na jua la Julai likifika nyuzi arobaini unaelewa kwa nini waliichimba. Treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1977. Hadi mwaka 2018 kupiga picha mle ndani kulikuwa marufuku. Kituo kimoja kimepambwa kwa sura za wanaanga, Gagarin na Tereshkova, na pamoja nao yupo mfalme wa karne ya 15. Huyo nitamrudia.

Lakini sokoni Chorsu, chini ya kuba la bluu, ndipo nilipoacha kujiona mgeni. Muuza vifaa vya shule alikuwa na kitob, daftar na qalam. Akapiga hisob. Nilipomwuliza saa akajibu kwa neno vaqt. Sikuwa na haja ya mkalimani! Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao kwa njia ya misafara, kwetu kwa majahazi, na maneno yakatua pande zote mbili. Kuna somsa, ndugu yake sambusa, ila wao hawaikaangi, wanaibandika ukutani ndani ya tandir, na tandir ni tanuri letu hili hili. Na palov ni pilau: mchele, nyama ya kondoo, karoti nyingi zilizokatwa vijiti, bizari nyembamba. Niliinama juu ya sufuria ile, nikainusa, nikawakumbuka dada zangu wa Ujiji siku ya Idi.

Kutoka Tashkent hadi Samarkand ni kilometa 344 kwa reli, na treni ya kasi inachukua saa mbili na kidogo. Mnashuka kwenye bonde la mto Zarafshan. Uwanja wa Registan, maana yake mahali pa mchanga, umezungukwa na madrasa tatu, ya kwanza ikiwa imemalizwa mwaka 1420 na nyingine mbili zikafuata miaka mia mbili na zaidi baadaye. Vigae vyake vya bluu mmeviona kwenye picha, kwa hiyo sitavieleza, picha hazidanganyi.

Aliyenishika pale ni yule mfalme niliyemwona kituoni, Ulugh Beg, mjukuu wa Timur. Babu aliteka nchi. Mjukuu alihesabu nyota. Alijenga kituo cha kuangalia anga chenye tao la kupimia lenye nusu kipenyo cha mita zipatazo 40, akakusanya wanahisabati, na mwaka 1437 wakakamilisha orodha ya nyota 1,018. Hawakuwa na darubini. Darubini ilikuwa bado haijabuniwa! Mwaka 1449 aliuawa, na aliyetoa amri ni mwanawe wa kumzaa. Kituo kikabomolewa, kikafukiwa, kikasahaulika hadi mwaka 1908 kilipofukuliwa tena. Kilichosalia ni sehemu ya tao iliyochimbwa chini ya ardhi, reli mbili za marumaru zinazotelemka gizani zikiwa na alama za nyuzi. Nilisimama pale nikiwa mwalimu niliyefundisha mizingo ya sayari kwa chaki na chungwa. Machozi yalinilenga, na sioni haya kusema.

Zarafshan jina lake lina maana ya mwaga dhahabu. Zamani ulikuwa kijito cha Amu Darya. Siku hizi haufiki; mashamba yanaunywa wote, unafia mchangani baada ya Bukhara. Mto huu ni mdogo, lakini ulikuwa ukinionyesha mapema nitakachokikuta mbele kwa ukubwa.

Bukhara wengi mnaijua bila kufika. Imam Bukhari alizaliwa pale mwaka 810, na pwani yetu kila Ramadhani hadithi za Mtume alizozikusanya husomwa misikitini. Mnara wa Kalon, wa mwaka 1127, una urefu wa mita zipatazo 46, wa matofali ya kuchoma matupu. Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, alipouangamiza mji mwaka 1220 mnara huo aliuacha. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika Bukhara miaka michache baadaye na kukuta sehemu kubwa ya mji ungali magofu. Fikirini: mtu mmoja, macho yale yale, aliona msikiti wa Kilwa na magofu ya Bukhara.

Mimi hata hivyo nilikwenda kutazama madimbwi. Kati ya nyumba kulikuwa na mabwawa ya kujengwa kwa mawe yenye ngazi, hauz, na watu walichota hapo maji ya kunywa, wakaoga hapo, wakatawadha hapo. Katika maji hayo aliishi mnyoo wa Guinea. Mtu alikunywa viroboto-maji vidogo vyenye lava, na baada ya mwaka mnyoo mrefu ukatoboa ngozi ya mguu. Ni mwanasayansi wa Kirusi, Fedchenko, aliyegundua njia hiyo ya maambukizi katika eneo hilo miaka ya 1870, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 ugonjwa ulikuwa umetokomezwa Bukhara. Mabwawa mengi yalikaushwa. Moja kubwa, Lyabi-Hauz la mwaka 1620, limebaki, na jioni wazee hucheza bao lao la kete chini ya miforosadi. Maji yale yale yalikuwa uhai na ugonjwa.

Khiva nilifika baada ya siku nzima ya jangwa. Ni mji ndani ya ukuta wa udongo, na msikiti wake wa Ijumaa una nguzo za mbao za kuchonga zaidi ya mia mbili, hakuna mbili zinazofanana. Eneo hilo, Khorazm, ndilo lililompa jina mwanahisabati al-Khwarizmi, na kutokana na jina lake tuna neno algorithimu, yaani hatua za kufuata katika kukokotoa. Wasimulizi wa watalii wanayasema hayo vizuri. Wanachokipita haraka ni soko la watumwa. Waajemi na Warusi waliotekwa njiani waliuzwa pale kwa karne nyingi, wakachimbishwa mifereji. Utumwa Khiva ulipigwa marufuku mwaka 1873, jeshi la Urusi lilipoingia. Mwaka 1873, ndugu zangu. Mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Nilikaa juu ya jiwe pale langoni muda mrefu.

Sasa tuingie Karakalpakstan, upande wa magharibi kabisa, ulikokuwa ukielekea mto Amu Darya.

Kabla ya ziwa, pamba. Nanyi mlio watoto wa wakulima wa Shinyanga na Simiyu mnaijua pamba. Wao nao huiita dhahabu nyeupe, oq oltin. Tofauti ni hii: pamba yetu inangoja mvua, pamba yao inalimwa kwenye nchi ambayo mvua ni kama hakuna, kwa hiyo kila shina linakunywa mto. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ilipanua mashamba na kuchimba mifereji mirefu, mingi ikiwa ya udongo mtupu, maji yakipotelea ardhini na hewani kabla ya kufika shambani. Wapangaji walijua ziwa litapungua. Walipima pamba na samaki kwenye mizani, wakachagua pamba.

Na wavunaji? Mwalimu mwenzangu mmoja wa sekondari alinisimulia jinsi kila vuli shule zilivyofungwa, yeye na wanafunzi wake wakapelekwa mashambani, madaktari nao vivyo hivyo. Hilo liliendelea hata baada ya uhuru wa mwaka 1991. Watoto waliondolewa kwanza, watu wazima baadaye, na Shirika la Kazi Duniani lilieleza kuwa mavuno ya mwaka 2021 hayakuwa na utaratibu wa kulazimisha watu. Alinionyesha viganja vyake. Miiba ya vitumba huacha alama, wenye kuvuna mnajua.

Muynaq ulikuwa mwalo. Mwalo mkubwa, wenye bandari, maboti ya chuma na kiwanda cha kusindika samaki kwenye makopo. Ziwa lilipoanza kurudi nyuma, wavuvi walichimba mifereji kuyafuata maji, mwaka baada ya mwaka, hadi wakashindwa. Kiwanda kikaletewa samaki waliogandishwa kutoka mbali, hata Baltiki, ili watu wasikose kazi. Chumvi ya maji, iliyokuwa gramu kama 10 kwa lita, ikapita 100 upande wa kusini, na samaki wakafa. Mwaka 2014 bonde la mashariki lilikauka lote. Leo maji yako zaidi ya kilometa mia moja kutoka Muynaq.

Pale mwisho wa mji kuna genge, na chini yake mabati yenye kutu ya maboti yaliyopangwa mchangani. Nilishuka. Nilisikia kwata! kwata! chini ya viatu, nikainama: makombe, makombe matupu, maelfu. Nilikuwa natembea chini ya ziwa. Halafu upepo ukaja. Mdomo ukawa chumvi. Vumbi lile limebeba chumvi na mabaki ya dawa za pamba za miaka yote ile, na wenyeji wanalivuta mapafuni. Ofisi za afya za huko zinashughulika na magonjwa ya kifua na upungufu wa damu zaidi ya sehemu nyingine za nchi. Serikali inapanda saksauli, mti wa jangwani, kuzuia mchanga usiruke, na niliona mistari yake mirefu ya kijani hafifu.

Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi alikuja tukakaa kwenye kivuli cha boti. Kijana wake alitutafsiria. Nilimwambia nimetoka kwenye ziwa. Akaniuliza samaki gani. Nikamtajia sangara, sato, dagaa. Kisha akaniuliza, "Kutoka mlangoni kwako hadi majini ni hatua ngapi?" Nikamjibu kuwa nakaa Igombe, dakika kumi kwa miguu hadi mwaloni. Alinyamaza. Akasema yeye zamani zilikuwa hatua arobaini, na kwamba mkewe alimwita kula kwa kupunga kitambaa.

Nisiwatishe kwa hesabu mbovu. Ziwa letu haliugui ugonjwa ule. Sehemu kubwa ya maji yake, kama nne kwa tano, huanguka moja kwa moja kutoka mbinguni, ilhali Aral iliishi kwa mito miwili tu. Lakini letu nalo si la kina kirefu. Wastani wake ni mita 40. Na Aral ilitoweka ndani ya umri wa mtu mmoja, mtu niliyeshikana naye mkono.

Upande wa kaskazini, Kazakhstan, walijenga bwawa la Kok-Aral lililokamilika mwaka 2005, na kipande kile kidogo kikajaa tena, samaki wakarudi, wavuvi wakarudi. Niliwaambia wanafunzi wangu wa zamani habari hiyo kwa simu usiku ule ule. Wakati huo huo, tangu mwaka 2022, Afghanistan inachimba mfereji wa Qosh Tepa, kilometa 285, kuchota Amu Darya huko juu. Nao wana njaa na ukame, siwezi kuwalaumu. Ila Khiva na Bukhara zinakunywa mto huo huo.

Asubuhi ya kuondoka, mama mwenye nyumba niliyolala alinipa mkate wa duara, akanionyesha niumege kwa meno mara moja. Uliobaki akautundika ukutani. Ndiyo desturi yao kwa msafiri: mkate unangoja arudi kuumaliza.

Makombe niliyoyaokota ninayo hapa kwenye mfuko huu. Naanza na safu ya mbele, mpitishiane mkono kwa mkono taratibu, yanavunjika upesi. Mwenye swali anyooshe mkono.