Lileteni kasha na vumbi lake

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Mombasa.

Nimeombwa nizungumzie kukabidhi karatasi za nyumbani kwetu Nyaraka za Taifa, ofisi inayohifadhi kumbukumbu za nchi. Nianze na linaloniudhi. Mtu akiamua kutoa, husafisha kwanza. Hubakisha picha ya babu kavaa joho na barua ya Bwana DC, mkuu wa wilaya wa mkoloni. Daftari la deni la duka huenda jaani. Jamani! Daftari ndilo linalotuambia pishi ya mchele iliuzwaje, nani alikopeshwa na nani hakuaminiwa. Ile barua ya DC huenda nakala yake tunayo, maana serikali ya mkoloni haikuandika kitu bila kujiwekea kopi.

Basi msichague, na msipange upya. Barua zilizofungwa uzi pamoja, ziacheni hivyo. Aliyezifunga alikuwa na sababu yake. Palipochanika msibandike selotepu, gundi yake hugeuka manjano ikaila karatasi. Picha tu ndizo mziandike, kwa nyuma, kwa penseli laini wala si biki: nani huyu, wapi, mwaka gani. Kazi hiyo ifanyeni bibi angali anawatambua watu.

Najua mnaloogopa: talaka ya shangazi isije ikasomwa na kila mpita njia. Ndiyo maana kuna hati ya makubaliano. Huandikwa humo kinachotolewa, hakimiliki inabaki kwa nani, na kipi kifungwe hadi lini. Mkitaka barua fulani zisifunguliwe mpaka 2060, semeni kabla ya kutia saini. Wasiotaka kuachana na karatasi zenyewe, waombe zipigwe picha.

Mfano ni Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita, aliyefariki karibu na 1840. Mashairi yake mengi tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua, wa hapa hapa Mvita, aliyakusanya, akafanya kazi na mmisionari William Taylor. Karatasi za Taylor leo zimo maktaba ya chuo cha SOAS, London. Silaumu, pengine hapa zingeliwa na mchwa. Ila mjukuu wa Mvita akitaka kuzishika kwa mkono wake, aanze na viza.

La mwisho, kaeni kikao cha familia kwanza. Mmoja akitoa kasha na nduguze hawana habari, ugomvi wenu utaishia mezani kwetu, na kasha litakaa bila kufunguliwa. Haya, maswali.