Maji ya kisima kwenye rejeta, na jinsi ya kubadili kulanti mwenyewe nyumbani

(Mazungumzo ya kikoba, Jumamosi asubuhi, Ligula, Mtwara. Yameandikwa kama yalivyosemwa, salamu zimepunguzwa.)

Haya jamani, asalaam aleykum, na wengine habari za asubuhi. Mtwara! (Kucheleee!) Eeh, leo mmeitika kama siku ya kuvunja kikoba. Mwenyekiti kanipa nusu saa na anajua mi ni mwalimu wa kemia, nusu saa kwangu inaisha nikiwa bado nafuta ubao, ila nitajitahidi. Somo la leo ni kulanti, yale maji ya kupoza injini. Ile gari mnayoiona chini ya mwembe ni Spacio yangu, imelala hapa toka jana jioni na mi asubuhi hii nimekuja na bajaji. Haijaharibika. Nataka iwe ya baridi kabisa, na mtajua kwa nini.

Nianze na aibu yangu. Ile gari niliinunua mkononi, na mwenye nayo aliniambia "inakunywa maji kidogo", akasema kwa upole kama mtu anayekusimulia mtoto asiyesumbua. Basi kila Jumatatu mi na jagi langu, nafungua rejeta, naongezea, na maji yenyewe ya kisima cha nyumbani, kisima ambacho ukipikia chai unaonja chumvi kabla hujaonja sukari. Mwaka mmoja na nusu hivyo hivyo. Afu ikaja harusi Newala, tukapita Masasi kwanza kumchukua shangazi, kwa hiyo tukapanda kutokea upande ule wa Masasi, ndani watu 7, nyuma gunia la mchele, AC inawaka, na mshale wa joto ukaanza kupanda mlima na wenyewe. Ukafika juu. Moshi mweupe kwenye boneti, shangazi anapiga takbira.

Sasa huko juu kwenye uwanda wa Makonde si mnajua maji ni mali, watu toka zamani wanakinga ya mvua kwenye bati na kuyahifadhi kwenye matangi ya saruji. Akatoka mzee mmoja, mi tayari nina kitambaa mkononi nataka kufungua kifuniko cha rejeta, akanishika mkono kabisa. "Kaa kwanza mama." Tukakaa saa nzima. Afu akaleta ndoo yake ya maji ya mvua, akakataa hela, nikamimina polepole, tukafika harusini wameshakula.

Nilivyorudi Mtwara fundi akafungua hosi ya juu, lile bomba la mpira la juu ya rejeta, akanionyesha. Ndani ukoko mweupe, ule ule wa kwenye birika, na thamostati, ule mlango unaofungulia maji yapite kwenye rejeta injini ikipata moto, imevaa koti la chokaa hadi imeganda, haifunguki. Matope ya kutu chini ya rejeta. Na hapo ndo niliona aibu kama mwalimu, manake kitu hiki nakifundisha kidato cha tatu, maji magumu na maji laini, mtihani natunga mwenyewe! Maji ya yule mzee ndo yalikuwa maji bora kuliko yote yaliyowahi kuingia kwenye ile gari. Mvua ni maji yaliyopanda kama mvuke yakaacha chumvi zake chini. Kisima chetu cha pwani kinapita kwenye mawe ya matumbawe, yale yale waliyojengea nyumba za zamani za Mikindani, yanayeyusha chokaa njiani, na ukikaa karibu na bahari na chumvi yake inaingia humo humo. Chokaa ukiipasha moto inatulia chini na kuganda, chumvi nayo inakula aluminiamu. Na gari za siku hizi silinda hedi, kile kichwa cha injini, ni aluminiamu, rejeta ni aluminiamu. Umeielewa hesabu hiyo.

Kulanti ni nini basi. Ni maji, pamoja na kitu kinaitwa ethilini glaikoli, pamoja na dawa za kuzuia kutu. Watu wa nchi za baridi wanaitaka ili maji yasigande, mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, na hapa kwetu mtu akisikia 22 anatafuta sweta. Kwa hiyo watu wanasema sisi haituhusu. Inatuhusu kwa mambo mengine. Inachelewa kuchemka, huo mchanganyiko unachemka kwenye 107 hivi badala ya 100. Na zile dawa ndo zinalinda aluminiamu na wota pampu, ile pampu inayozungusha maji. Dawa zinachoka. Glaikoli inabaki, rangi inabaki inapendeza, dawa zimeisha, ndo maana inabadilishwa hata kama ukiangalia unaona iko safi.

Inabadilishwa lini? Kwa Toyota, maana nikiangalia hapo nje naona Toyota tupu, kulanti ile nyekundu ya zamani ni miaka 2 au 3, au kilomita 40,000. Ile ya pinki wanasema ya kwanza kutoka kiwandani inafika kilomita 160,000, baada ya hapo kila 80,000. Ila jiulize, wewe uliyenunua gari bandarini au mkononi, unajua humo ndani kuna nini? Hujui. Anza upya.

Na rangi isikudanganye. Rangi ni rangi tu, wanatia kiwandani, ya kijani ya kampuni hii inaweza kuwa dawa tofauti kabisa na kijani ya kampuni ile. Ukichanganya aina mbili zisizopatana zinaweza kuwa kama uji wa muhogo uliolala. Soma maandishi kwenye dumu, aina ya gari, na neno linalosema imeshachanganywa au ni ile nzito ya kuchanganya mwenyewe. Hilo la mwisho mlishike, nalirudia baadae.

Afu kuna kulanti ya uongo. Nilinunua dumu la kijani, bei nzuri, sitaji duka. Nikalipeleka maabara nikapima lita moja kwenye mizani. Lita ya maji ni gramu 1,000 kasoro kidogo, lita ya kulanti ya nusu kwa nusu inatakiwa iwe karibu 1,070 manake glaikoli ni nzito kuliko maji. Langu likasoma kama maji. Nimenunua maji yaliyopakwa rangi! Na wewe unaweza, mizani ya duka la jirani inatosha, chupa ile ile, maji kwanza afu kulanti, zikilingana rudisha dumu dukani.

(Sauti: Mwalimu, na maji ya kuchanganyia?) Maji ya betri mama, ila tega sikio. Dukani kuna vitu viwili na vyote watu wanaviita maji ya betri. Kuna yale matupu, safi, ya kuongezea, na kuna tindikali. Ukitia tindikali kwenye rejeta utaniita nije kwenye mazishi ya injini. Sema kwa mdomo wako "yasiyo na asidi", na usome. Maji ya mvua yaliyochujwa vizuri nayo yanafaa kwa dharura, mnajua nani kanifundisha.

Sasa kazi yenyewe. Gari ya baridi. Jamani hii ndo sehemu mtu anaungua uso. Kile kifuniko cha rejeta kimeandikwa 1.1 au 0.9, ni presha, maji yaliyobanwa kwa 1.1 hayachemki mpaka nyuzi 120 na kitu, ni kama sufuria ya presha ya kuchemshia maharage. Ukifungua yana nyuzi 110, presha inaondoka mara moja na yote yanataka kuwa mvuke kwa wakati mmoja, na njia ni moja, usoni kwako. Mzee wa Newala hakusoma kemia ila alijua. Mi sifungui kama siwezi kushika hosi ya juu kwa kiganja nikaitulizia. Na feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo ushungi na kanga mbali.

Unaweka beseni chini, kubwa. Kwenye rejeta kwa chini upande mmoja kuna koki ndogo ya plastiki. Ya plastiki! Inafunguliwa kwa vidole au plaizi kwa upole, ikikatika hapo umejiongezea siku mbili. Ikigoma iache, chomoa hosi ya chini, klipu yake unaibana na plaizi unairudisha nyuma. Afu ndo ufungue kifuniko cha juu, utaona yanatoka kwa kasi. Lile tenki la akiba la pembeni lichomoe ulioshe, watu wanalisahau, chini lina matope ya miaka. Na pima yaliyotoka! Tumia chupa za lita moja na nusu, hesabu.

Kusuuza: funga koki, jaza maji safi, weka hita ya ndani kwenye moto wa mwisho. Najua, hita, Mtwara! (Vicheko.) Hakuna hata mmoja hapa amewahi kuigusa, ndo maana kwenye gari zenye vali ya hita maji ya zamani yamekaa mule kwenye kirejeta chake kidogo kama mgeni asiyeaga. Washa, subiri hosi ya juu iwe ya moto, maana yake thamostati imefungua. Zima. Subiri ipoe tena, ndiyo, tena, mpike hata wali hapo katikati, manake ukimwaga maji ya baridi kwenye injini ya moto silinda hedi inaweza kupasuka au kupinda, na gaskiti inayotenganisha maji na oili ikienda, oili inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe, mi ilikuwa mara 4. Raundi za kwanza maji ya bomba yanapita, ya mwisho iwe ya maji ya betri, chumvi zisibaki. Usitie magadi, usitie sabuni ya unga, kuna mtu kawashauri hivyo najua. Sufuria ya aluminiamu ukipikia kunde na magadi inakuwaje? Nyeusi. Basi.

Hapa pa kujaza ndo watu wengi wanakosea, hata mafundi. Koki ya rejeta haitoi maji yote. Mengine yamebaki ndani ya bloku, ule mwili wa injini. Tuseme gari yako inachukua lita 5, namba kamili iko kwenye kitabu chake, na umepima yaliyotoka ni lita 3. Lita 2 za maji matupu bado zimo. Sasa ukimimina lita 3 za kulanti iliyokwishachanganywa nusu kwa nusu, glaikoli uliyoingiza ni lita 1 na nusu ndani ya 5, hiyo ni asilimia 30, ulilipia 50. Kwa hiyo baada ya kusuuza nunua ile nzito, tia lita 2 na nusu, afu maji ya betri nusu lita. Imekaa sawa. Na usijaribu kutia nzito tupu bila maji ukidhani ndo dawa kali zaidi, glaikoli peke yake inabeba joto vibaya kuliko maji.

Mimina taratibu, kifuniko wazi, pua ya gari ikiwa juu kidogo kama una kilima, mi naegesha kwenye kimuinuko cha geti. Washa, hita moto, uwe unabana hosi ya juu kwa mkono na kuachia, utaona mapovu yanatoka na usawa unashuka, ongeza. Hiyo ni hewa. Hewa ikibaki gari inachemsha na kulanti imejaa, mtu analaumu dumu. Subiri feni iwake izime, iwake tena. Funga, tenki la akiba jaza mpaka mstari wa juu, kesho asubuhi kagua tena, lazima itakuwa imeshuka kidogo.

(Sauti: Fundi wangu alitoa thamostati kabisa, akasema huku kwetu joto haihitajiki.) Hehe. Wangu naye alitaka. Dada, thamostati za Toyota nyingi ndogo zimeandikwa 82, inakaa imefunga mpaka joto hilo ili injini ipate moto wake haraka. Ukiitoa injini inatembea ya baridi, inakula mafuta, inasagika. Na kuna injini ambazo thamostati ndo inafunga njia ya mkato, ukiitoa maji ya moto yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, gari inachemsha zaidi ya mwanzo. Mwambie airudishe, mpya.

Ile ya zamani kwenye beseni, jamani, msimwage uani. Ni sumu na ni tamu, mbuzi atakunywa, mbwa atakunywa, mtoto atachovya kidole. Figo zinakufa. Mi najaza kwenye dumu, nafunga, naandika SUMU, napeleka kwa fundi anayekusanya oili chafu.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Njooni mwembeni, mkono wa kwanza uguse hosi ya juu mwenyewe uniambie ni ya baridi au la. Na nani kaja na beseni, sio lile la kufulia, lile halirudi tena jikoni wala kwenye nguo.