Hapana mjomba, sijafukuzwa chuo

Haya mambo vipi watu wangu wa Lindi, Mtwara, Masasi, Nachingwea, na nyie mliohamia Dar mkajifanya mmesahau kwenu, karibuni tena. Leo siko Uingereza, hayo makelele mnayosikia ni treni ya Berlin inapita hapo juu, ngoja ipite kwanza. Imepita.

Sasa hii vidio naifanya kwa ajili ya mjomba. Juzi kanipigia WhatsApp, nimemwamkia shikamoo, kaitika marahaba, halafu kimya, halafu kwa sauti ya chini kama tuko msibani: "Mpwa wangu, niambie ukweli, wamekufukuza?" Kumbe stori imeshazunguka mpaka ng'ambo kule Kitunda kwamba nimefeli sheria kwa Waingereza nikakimbilia kwa Wajerumani!

Sijafeli jamani. Kosi yangu ni ya miaka minne badala ya mitatu, mwaka wa tatu unaenda kukaa chuo cha nchi nyingine kisha unarudi kumalizia wa nne. Kwa chuo changu alama za mwaka huu haziingii kwenye digrii, unatakiwa ufaulu tu. Najua mnachowaza, aah, likizo hiyo. Likizo ya wapi.

Kwanza hela. Ukiwa na pasipoti yetu, kwenye viza wanataka kuona umeweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, unatoa 992 kwa mwezi, zaidi ya hapo hupati hata ulie. Mi barua ya ufadhili ndio iliniokoa, bila hiyo saa hizi ningekuwa naongea nanyi kutoka kule kule kwenye mvua. Halafu ukihamia una wiki mbili tu za kujiandikisha unapoishi, na mwenye nyumba wangu wa kwanza akanizungusha na karatasi ya kuthibitisha kwamba naishi kwake, sitaki hata kukumbuka.

Darasani sasa. Ratiba inasema saa nne, mwalimu anaanza saa nne na robo, na sio kuchelewa, ndio utaratibu wenyewe, nikasema hapa nimefika nyumbani. Ila ukija saa nne na dakika kumi na sita wanakugeukia wote. Lekcha ikiisha hawapigi makofi, wanagonga meza kwa ngumi, siku ya kwanza nikavuta begi langu nikijua fujo imeanza.

Lakini kilichonitoa jasho ni sheria yenyewe. Nyie mnaosoma sheria hapo nyumbani mnajua tulivyofundishwa, unaanza na kesi, ile ya yule mama wa Scotland na konokono kwenye chupa, hukumu ya 1932, kila mtu anaijua hata kama kitabu hajafungua. Sisi tulirithi kwa Mwingereza kwahiyo kwenda kusoma kwao sikupata shida. Huku ukianza na kesi wanakuangalia tu. Wana kitabu chao BGB, yaani kitabu cha sheria za madai, mikataba, mali na kadhalika, kimeanza kutumika 1900, vifungu 2,385, unaanza na kifungu, unakikata kipande kipande, unaonyesha kila sharti limetimia au halijatimia, na jibu linakuja mwisho kabisa, ukilitaja mapema wamekukata. Mi mtu wa Lindi, nimezoea kuanza na stori, nimeteseka mpaka Desemba.

Na alama zao ni kati ya sifuri na 18. Kufaulu ni 4. Ukipata 9 unatembea kifua mbele. Mi nimepata 7 nikanunua keki! Nikamtumia mjomba picha ya matokeo, akajibu: "Saba kwa kumi na nane. Basi walikufukuza kweli."

Sasa sikieni hili. Kuna kifungu cha 937 cha hiyo BGB, kinasema ukikaa na kitu kinachohamishika miaka kumi kama chako, kwa nia njema, kinakuwa chako kweli. Mwalimu anaeleza kwa mifano ya baiskeli, mi akili yote iko kwa mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwetu Lindi. Si mnajua yuko hapa Berlin? Nimeenda kumuona makumbusho, mita 13 na ushee kwenda juu, nikasimama chini ya mbavu zake nikahisi kama nimekutana na jirani stesheni. Wamemchimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wachimbaji ni watu wa kwetu, msimamizi wao mkubwa alikuwa Boheti bin Amrani, na ile mifupa ilishuka mpaka bandari ya Lindi vichwani mwa watu, kwa miguu.

Nikanyoosha mkono nikauliza, je hiyo nia njema inahesabiwaje hapo? Darasa kimya. Mwalimu hakukasirika, akasema hiyo 937 weka pembeni kwanza, anza na ardhi ilikuwa ya nani, maana serikali ya kikoloni ilishatangaza tangu 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali yake. Kwahiyo kwenye makaratasi walichimba kwao. Isiyo na mwenyewe! Bibi angesikia hilo neno angeuliza hao waliokuwa wanalima pale walikuwa kina nani, vivuli? Ila ndio nikaelewa kwanini wananitesa na vipande vipande, hasira zangu zote nilizobeba hazikuwa na kifungu hata kimoja.

Mnaouliza kama nikirudi nitakuwa wakili, digrii ya nje inapita TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe, halafu Shule ya Sheria Dar kama wengine wote, hakuna njia ya panya.

Jumatatu nina pepa ya mali, masaa matatu. Mjomba tangu nimwambie habari ya mjusi haniulizi tena kama nimefukuzwa, kila asubuhi ananitumia voice: "Mmefikia wapi?" Mjomba, tuko sharti la pili. Haya, naenda kusoma.